Ndama wa Buleusa

Jumanne, baada ya kuuza maziwa ya asubuhi, Papa Munyakazi aliosha bidoni, dumu lake la maziwa, kwa maji ya moto, akaianika juani hadi ikakauka kabisa, kisha akapanga ndani yake vitabu kumi na vinne vya watoto. Mfuniko wa bidoni ulibana vizuri. Kwa miaka thelathini na mmoja mvua ya barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale haikuwahi kulowesha hata ukurasa mmoja. Aliyemwuliza kazi yake alijibiwa kwamba ni vitabu vya watoto. Maziwa yalikuwa ya kumpatia chakula.

Hakuviazimisha kwa karatasi na sahihi. Alivitoa jinsi ng'ombe anavyotolewa kwa rafiki huko kwao Masisi: unapewa, unamchunga, na akizaa, ndama wa kwanza anarudi kwa aliyekupa. Kwa miaka mingi ndama huyo alikuwa mtoto mmoja wa nyumba, aliyesimama mbele ya wazazi wake na kumsomea Papa Munyakazi ukurasa mzima bila kukwama. Hapo kitabu kilihesabiwa kuwa kimezaa.

Kisha vitabu vikaanza kuzaa vyenyewe. Cha kwanza kilizalia katika nyumba moja huko Pinga, ndani ya kikapu cha maharage: kitabu chembamba cha ukubwa wa kiganja, chenye picha zilezile za mama yake na jalada lenye unyevu. Papa Munyakazi alikipangusa kwa majani makavu na kuandika tarehe. Vilizaa tu katika nyumba ambazo vilisomwa kwa sauti.

Jumanne hiyo pikipiki ilimshusha Buleusa, kwa Mama Joséphine-Marie, mkulima wa mihogo na mjane wa mwindaji. Yeye alikuwa na kitabu cha watoto saba wanaokwenda shule na kumpoteza mbuzi njiani. Alimpokea Papa Munyakazi kwa malalamiko.

"Papa, kitabu yako iko na ugonjwa. Maandiko inaisha."

Kweli herufi zilikuwa zimefifia, na katika kurasa za mwisho hazikuonekana kabisa. Papa Munyakazi alikipapasa mgongo, akauliza ndama wa kitabu hicho yuko wapi. Mama Joséphine-Marie akasema amemfungia ndani ya sanduku tangu siku ya kuzaliwa, panya wasimle.

"Mama, mutoto haachishwi ziwa siku ya kwanza. Mama yake anakauka."

"Siye wawindaji tunajua nyama yenye imekwisha kufa," alisema Mama Joséphine-Marie. "Ya kulea, njo ninyi."

Walicheka wote wawili. Wakamweka mdogo katikati ya kurasa za mkubwa, wakala ugali na sombe ya majani ya mihogo, na walipomaliza kunawa mikono herufi zilikuwa zimerudi, nyeusi na nzito.

Ndipo Papa Munyakazi alipomfungua yule ndama. Katika kitabu kikubwa, watoto saba walikaa kwenye benchi darasani. Katika ndama walikuwa sita. Nafasi ya mwisho, karibu na dirisha, ilikuwa imechorwa kwa uangalifu, hadi misumari ya benchi. Alikumbuka nani alikuwa akisoma kwa sauti katika nyumba hiyo.

"Bienvenu iko wapi?"

Mama Joséphine-Marie alifunika chungu kwanza. "Iko Omate, anachimba dhahabu. Miezi ine sasa. Mwalimu njo alitangulia, Papa. Hawakumulipa, akaenda kuchimba. Watoto wakafuata mwalimu wao."

Bienvenu alikuwa na miaka kumi na mbili. Mama yake aliomba jambo moja tu, mtoto wake arudi.

Papa Munyakazi alimpeleka ndama kwa mkubwa mmoja wa mambo ya shule. Mkubwa alihesabu watoto kwa kalamu, akaona ni sita, akasema benchi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya wanne, kwa hiyo darasa halina upungufu. Akapiga muhuri kwenye jalada.

Basi mzee akachukua kitabu kikubwa, maana ndama alikuwa tayari ameacha ziwa, akaenda Omate mwenyewe. Alimkuta Bienvenu kwenye matope hadi magotini, sauti imeanza kuwa nzito. Mkubwa wa shimo alikuwa mtu mwenye adabu. Alimkaribisha mzee kwenye kiti. Kitabu hakukikataa, alikataa tu mtoto kuondoka. Papa Munyakazi alibishana naye tangu asubuhi hadi jua likageuka, kisha akamwachia mtoto kitabu, kwa kuwa hakuweza kumchukua.

Bienvenu aliwasomea wachimbaji wakati wa kula. Kitabu kikazaa ndani ya gunia la mawe. Mtoto aliijua desturi, akamtuma ndama kwa pikipiki hadi Masisi, na Papa Munyakazi akampeleka Buleusa bila kukaa naye hata siku moja. Watoto walikuwa saba tena. Wa saba alisimama nje ya dirisha la darasa, na koleo begani, miguu bila viatu.

Mama Joséphine-Marie alimtazama sana, kisha akampima kwa kidole, kutoka ardhini hadi ukingo wa dirisha.

Tangu hapo ndama mmoja huja kila mwaka, na kila mwaka Mama Joséphine-Marie hupima. Wa pili alipofika, mtoto alikuwa amelifikia dirisha. Mwaka huu amekuja wa tatu. Papa Munyakazi alimtoa kwenye bidoni, akavaa miwani, akamfungulia ukurasa. Katika picha Bienvenu amelipita dirisha. Anainama ili aone darasani.

"Ni murefu kama baba yake," alisema Mama Joséphine-Marie.

"Amemupita."

"Na viatu, Papa? Macho yangu haioni vizuri."

Papa Munyakazi alisogeza kitabu kwenye mwanga wa mlango, akaangalia miguu, chini kwenye picha.

"Bado, Mama."

Akafunga bidoni. Pinga kulikuwa na kitabu kilichokaribia kuzaa, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakimngojea.