Taa za Ubavuni

Mume wangu Yotham alimwita kaka yangu tapeli mbele ya madalali wote wa soko la mahindi Kibaigwa, kwa sababu ya taa. Ni zile taa ndogo za LED za ubavuni mwa lori, ambazo biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imetuletea. Kaka Silvano ndiye aliyemnunulia Yotham taa hizo Dar. Ziliwaka vizuri, kisha siku moja zote za kushoto zikagoma.

Yotham hakujiuliza inakuwaje zife pamoja kama zimepatana. Alibadilisha fyuzi, akanunua taa nyingine, nazo zikagoma. Basi kwake ikawa Silvano ana wivu na lori lake, kamletea taa mbovu makusudi. Silvano akaapa hakanyagi tena kwetu, na Jumamosi wakwe walikuwa wanaleta mahari ya binti yetu Erica. Kwetu Wagogo, mahari bila mjomba ni aibu. Nililia, halafu nikakasirika.

Nilichukua moja ya taa za Silvano zilizotupwa, nikaipeleka kwa Gerson, fundi wa betri. Aliigusisha kwenye betri, ikawaka hadi nikafumba macho.

Gerson akaja kulitazama lori, akauliza nini kilifanyika kabla ya taa kugoma. Nikamwonyesha ubavu wa kushoto. Yotham alikuwa ameupaka rangi upya na kuandikisha kwa herufi kubwa: WENYE WIVU WATAUMIA. Kisha akazirudishia taa mwenyewe, juu ya rangi. Gerson akatueleza kwamba taa hizo zina waya mmoja tu. Umeme hurudi kupitia bolti na chuma cha bodi, na rangi ilikuwa imeziba njia. Dawa ilikuwa kukwangua penye kila bolti, katikati ya herufi.

Yotham alikwangua mwenyewe. Taa zikawaka. Akasema tumshukuru Mungu, yameisha.

“Hayajaisha,” nikamwambia. “Mpelekee shemeji yako lori, taa zikiwaka, ukakiri kosa lako pale pale sokoni.”

Alikwenda sokoni mchana kweupe, taa zimewashwa, akakiri mbele ya Silvano, na madalali walicheka hadi wakachoka. Silvano alilizunguka lori, akasoma maandishi yaliyobaki, akasema atakuja, ila kwa lori hilo hilo, na makovu yake yasipakwe rangi kwanza.

Jumamosi mjomba akashuka kwenye lori mbele ya wakwe. Baba wa mchumba wa Erica akauliza lori limepatwa na nini.

“Wivu,” akajibu Yotham.

Silvano akakohoa.

“Rangi,” akasema mume wangu. “Niliipaka mimi.”