Kasha Dogo la Yavor

Tihomir alikuwa fundi wa kompyuta, na hapa kwetu Gabrovo, mji wa Bulgaria, alijulikana kwa ugonjwa mmoja tu: kupima. Mafundi wengine wanakadiria, yeye anapima. Alikuwa na kalipa ya chuma, kile kipimio chenye taya mbili, aliyorithi kwa baba yake, aliyekuwa mchonga vyuma wa kiwanda kilichokwisha kufa, na hakuna kitu kilichoingia kwenye kibanda chake kisibanwe kwenye taya za ile kalipa. Umri miaka thelathini na nane, mke hana, na maringo yake yote ya duniani yalikuwa kuunda kompyuta ndogo zenye nguvu kubwa, zile wanazozililia wacheza michezo, zinazoshindiliwa vitu mpaka usione pa kupitisha unywele. Kujaza kasha kubwa, alisema, hata mlevi anaweza.

Kibanda alikitumia pamoja na Ginka, mama wa makamo aliyemwita shangazi kwa heshima tu, aliyekuwa akibadilisha zipu na kupunguza suruali. Cherehani upande huu, kompyuta upande ule, jiko la umeme katikati. Ginka alikuwa na mdomo, tena hakuuficha.

"Sisi watu wa Gabrovo tulimkata paka mkia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke nje," alimwambia Tihomir, ambaye kwa kifupi alimwita Tisho. "Wewe Tisho ungemkata na masikio."

"Kama yanazidi kipimo, shangazi, yanakatwa."

Jumanne moja ya Februari, theluji imefika magotini, aliingia Dochka. Hakuhitaji kujitambulisha. Uso wa mwanawe ulikuwa umebandikwa kwenye nguzo zote za mtaa na kwenye kioo cha mlango wa kibanda hichohicho, tangazo la msiba lenye picha: Yavor, miaka ishirini na tatu, pikipiki yake iligongana na lori kwenye kona za kuteremka kutoka mlimani, mwezi wa Agosti. Dochka alikuwa amelibandika mwenyewe mara mbili, siku ya mazishi na siku ya arobaini.

Alitoa kwenye foronya kasha la chuma, jipya, tupu, dogo kama kisanduku cha viatu vya mtoto wa shule.

"Hili ni la Yavor," alisema. "Alilinunua Julai. Ile kompyuta yake ya zamani aliiuza ili apate hili, akasema mama, mpya nitaijenga mwenyewe. Hakuwahi." Akatoa na karatasi ya daftari la hesabu. "Hivi ndivyo alivyotaka kuweka ndani. Nijengee, mwanangu."

Kisha akaingiza mkono kifuani, ndani ya sweta, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na diski moja bapa, nyembamba, isiyozidi kiganja cha mkono.

"Yuko humu," alisema.

Akaeleza. Mama yake Dochka alikuwa na nyumba kijijini, ya mawe chini na mbao juu. Iliuzwa, ikabomolewa, pakajengwa gereji. Yavor aliijenga upya ndani ya mchezo wake wa kompyuta, jiwe kwa jiwe, mpaka ule msumari wa kutundikia ungo wa unga. Halafu akapita chumba hadi chumba akizungumza, akajirekodi, ili mama yake akienda Italia kufanya kazi awe anaingia na kutembea naye. Alimwonyesha mara moja tu. Mlangoni Yavor alisema: mama, futa miguu. Dochka alicheka siku ile. Sasa alisimulia bila kucheka.

"Haipo mahali pengine?" Tihomir aliuliza.

"Wapi tena? Ni humu tu. Jumamosi anatimiza miezi sita. Nikitoka makaburini napanda basi la saa saba, naenda Bologna kumwuguza kikongwe mmoja, miaka miwili, labda zaidi. Nina begi moja la mkononi. Iingie humo. Na wewe usiangalie yaliyo ndani, kuna maneno yake na mimi. Unaniahidi?"

"Nakuahidi, mama."

Kuhusu diski, mazungumzo yao yalikuwa hayo na hakuna zaidi. Ginka alikuwepo, pini mdomoni, akasikia neno kwa neno. Yashikeni, kwa sababu yana kazi huko mbele.

Tihomir alipima begi la Dochka kwanza, urefu, upana na kina, akaandika. Alipoondoka yule mama, akaketi na karatasi ya Yavor na penseli nyekundu. Nisiwafiche, alifurahi. Mtu akifurahia kazi yake si dhambi, lakini mimi bado inaniuma nikikumbuka alivyokuwa anapiga mluzi.

"Ona huyu," alimwambia Ginka. "Kadi ya picha kachagua ya feni tatu, milimita mia mbili sitini na saba. Kasha linapokea mia mbili hamsini na nane. Milimita tisa ungezipeleka wapi, bwana mdogo?"

"Msemee vizuri marehemu."

"Namsemea vizuri. Alikuwa na jicho. Ila feni ya kupoza nayo, kachagua ndefu, kasahau mfuniko una unene wake. Na ubao mkuu aliouchagua haupatani na kichakataji chake, ule ubongo wenyewe, labda wapigane ngumi." Alichora mstari mwekundu, akaandika pembeni. Kadi fupi ya feni mbili. Feni bapa, kimo milimita sitini na nne. Ubao mkuu mdogo kuliko yote iliyopo sokoni. Pawa saplai, yaani kigawa umeme, ya yale makasha madogo, yenye nguvu ya kutosha kadi ikipandisha hasira.

Chini kabisa ya karatasi Yavor alikuwa ameandika, akapiga mistari miwili chini yake: *Nyaya ni zilezile zinazokuja na pawa saplai. Za nyingine hapana.*

Tihomir akaguna. "Na hili nalo ni la kuandika? Hili hata mtoto anajua."

Ni kweli, kila fundi analijua. Upande wa waya unaoingia kwenye diski unafanana dunia nzima. Upande unaoingia kwenye pawa saplai kila kiwanda kinapanga kinavyotaka, hata kiwanda kimoja kinabadilisha mwaka hadi mwaka. Tundu linaupokea waya wa kigeni bila ubishi, umbo ni lilelile, kisha umeme mkubwa unapita pasipotakiwa. Tihomir mwenyewe alikuwa amewahi kumfokea kijana mmoja kwa kosa hilo mpaka kijana akalia.

Mizigo ikafika kutoka Sofia siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi akaanza kuunganisha, na hadi saa nane mchana kila kitu kilikuwa kimekaa. Kati ya kadi na ukuta wa kasha ilibaki milimita moja na nusu. Akamwita Ginka aje aone.

"Nione nini? Naona chuma."

"Unaona hakuna nafasi?"

"Naona."

"Basi hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Kilichobaki ni diski. Ilikuwa imekaa juu ya rafu, kwenye kitambaa chake, tangu Jumanne. Waya wake uliokuja na pawa saplai ulikuwa mrefu, mgumu, wenye vichwa vinne, na yeye alihitaji kimoja tu. Akaukunja, akaubana pembeni, mfuniko ukakataa. Akafungua, akaupitisha chini, sasa unagusa feni ya kadi. Akajaribu tena, na tena. Mfuniko ulikuwa unanyanyuka milimita mbili upande mmoja, na kwa Tihomir milimita mbili ni matusi.

Ndani ya droo alikuwa na waya mfupi, wa kichwa kimoja, laini. Aliukata kutoka waya mrefu kwa kazi nyingine mwaka uliopita. Ulitoka kwenye pawa saplai ya kiwanda hikihiki, alijiambia, rangi hiihii. Hakuangalia namba ya toleo. Mtu anayepima begi la mama wa watu hakuangalia namba, kwa sababu alishaona uzuri wa mfuniko uliofungika na hakutaka kurudi nyuma. Plagi ikaingia. Mfuniko ukalala bapa. Akakaza skrubu nne akitabasamu peke yake, akabonyeza kitufe.

Feni zikazunguka. Ginka ndiye aliyenusa kwanza.

"Nani anaunguza kitambaa?" aliuliza, akatazama pasi yake. Pasi ilikuwa imezimwa.

Tihomir aling'oa waya ukutani kwa nguvu hata soketi ikatoka nao. Skrubu nne zile alizifungua haraka, moja ikaanguka na hakuiokota. Diski ilikuwa ya moto. Ubavuni ilikuwa na doa jeusi dogo kama dengu. Akaipachika kwenye kompyuta nyingine, kwa waya halali, kimya. Akajaribu ya tatu, kimya. Akaifungua, akapiga picha, akamtumia bwana mmoja wa Sofia ambaye kazi yake ni kufufua diski, kisha akampigia simu.

"Hii hairudi," yule bwana alisema. "Sijui kuremba maneno. Vipande vinavyotunza kumbukumbu vyenyewe vimepasuka. Una nakala?"

"Sina."

"Kwa nini huna?"

Tihomir akakata simu. Kwa nini hana? Nakala ni kazi ya dakika arobaini. Haihitaji kutazama kilichomo, unaiambia mashine ihamishe vyote kama vilivyo, unaendelea na kahawa yako. Diski ilikaa kwake siku tatu. Hakuwaza. Alikuwa anawaza milimita.

Ginka alikuwa amesimama nyuma yake muda wote.

"Utamwambia," alisema.

"Nitamwambia."

"Ukweli wote, Tisho."

"Shangazi, nimesema nitamwambia."

Jumamosi saa sita na robo Dochka akafika kutoka makaburini, pua nyekundu kwa baridi, na begi lake. Alibandika tangazo jipya mlangoni, la miezi sita, juu ya lile lililopauka. Akaingia na vikombe viwili vya ngano iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, sadaka ya marehemu, kimoja akampa Ginka, kimoja Tihomir.

"Mungu amrehemu," Ginka alisema, akapokea.

Tihomir alipokea cha kwake. Kompyuta ilikuwa mezani, imefungwa, inang'aa.

"Imekwisha?" Dochka aliuliza, akaigusa kwa vidole viwili. "Ni nzuri. Angeipenda Yavor."

"Mama Dochka, diski imeungua."

"Imeungua?"

"Jana. Umeme ulikosea njia. Nimejaribu kila kitu, nimepiga simu Sofia. Hakuna kitu tena ndani yake."

Angalieni alivyosema. Umeme ulikosea njia. Kana kwamba umeme una miguu.

Dochka akakalia kigoda cha wateja. Hakulia. Alikaa anatazama jiko, na cherehani ya Ginka ikaendelea kushona.

"Mlango," alisema. "Hata pale mlangoni?"

"Hakuna, mama."

"Ungekuwa umeinakili." Kisha akainua kichwa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesukumwa. "Uliniomba. Ndiyo, siku ile, uliniomba uinakili, mimi nikakataa. Nikakwambia usiiguse, kuna maneno yangu na yake. Ni mimi. Nilikuwa nakuonea haya, ee Mungu wangu, nimemzika mara ya pili kwa kuona haya."

Cherehani ikasimama.

Tihomir alifungua mdomo. Hakuwa ameomba. Hakuwa ameulizwa, hakuwa amekataliwa, neno nakala halikutoka kinywani mwa yeyote Jumanne ile. Kulisema hilo ni pumzi moja. Aliona jinsi ambavyo angelisema, nina hakika aliona. Akasikia nafuu inashuka kifuani, nafuu ya aibu, tamu, na mdomo ukatamka kingine.

"Usijilaumu, mama."

Dochka akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ni mtu mwema," alisema. "Irudishe mahali pake. Hiyo diski. Kasha lake, ikae humo."

Akairudisha. Akaifunga kwa waya sahihi safari hii, ule mrefu, na mfuniko ukanyanyuka kidogo upande mmoja, naye akaukandamiza kwa kiganja huku akikaza skrubu. Kompyuta ikaingia kwenye begi sawasawa, kama alivyopima. Dochka akafunga zipu, akaaga, akatoka. Uso wa mwanawe kwenye kioo ukafunguka na mlango, ukarudi.

Ginka hakushika kazi yake.

"Hukumwomba," alisema.

Tihomir alichukua kalipa na kipande cha flana.

"Nilikuwepo, Tisho. Hukumwomba. Anaondoka nalo hilo, miaka miwili, kwenye nyumba ya watu, peke yake."

"Najua."

"Ni saa sita na dakika thelathini na tano. Stendi ni dakika saba kwa mguu. Hata ukichechemea unamkuta."

Tihomir aliifuta kalipa taya moja, akaifuta ya pili, akaanza upya. Ginka akavaa koti lake aende stendi mwenyewe, akafika mlangoni, akasimama. Neno hilo halikuwa lake, na alijua likitoka kwake litaonekana huruma ya jirani. Akarudi kusimama dirishani na koti lake mwilini.

Saa saba na dakika tano basi la Italia likapita barabarani mbele ya kibanda, polepole, kwa sababu ya theluji. Dochka alikuwa kiti cha dirishani, begi amelipakata. Aliwaona, akainua mkono akawapungia. Ginka hakuweza. Tihomir aliweka kalipa mezani, akasogea kwenye kioo, akampungia.