Ungo Uliopita Angani

"Usitazame chini, Mama Zenon. Sema ulichokiona."

Mwenyekiti Theodory alisimama mbele ya ghala la kijiji, lile ambalo tangu mwaka jana lilikuwa halijaezekwa, fimbo yake kwapani. Watu walikaa kwenye nyasi, wanaume huku, wanawake kule, wote wamejitanda mablanketi kwa baridi ya Julai. Bertilla alikuwa katikati yao, makapi ya ulezi bado yako kwenye nyusi. Walimtoa kazini hata hajanawa.

"Jana jioni nilikuwa napepeta," alisema. "Jua limeshazama. Nikainua kichwa nione upepo unatokea wapi, nikaona kitu cheupe juu ya vilima. Kinang'aa, lakini si nyota. Kikubwa. Hakina mlio hata kidogo."

"Kina umbo gani?"

Laiti angesema kama mwezi. Laiti angesema kama kifuniko cha chungu. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika kitu kimoja tangu asubuhi, na ulimi ukafuata mikono.

"Cha mviringo. Kama ungo."

Mkutano mzima ukaguna.

Mtoto wa Ufipa hajaota hata meno ya pili ameshaambiwa kwamba wachawi husafiri kwa ungo: huketi ndani yake, wakafika mbali, na kabla hakujakucha wamesharudi kulala. Na katika kijiji kile kipya aliyefuma nyungo alikuwa mmoja tu, Kalista, waliyemwita Mama Eustaki, mjane aliyeletwa kwa lori wakati wa operesheni ya vijiji kutoka bonde la nyuma ya vilima, yeye na kuku wake watatu. Watu wa mabonde manne walikuwa wamepangwa mistari mistari, mlango kwa mlango, wageni watupu. Tangu Pasaka surua ilikuwa imezika watoto watano. Kila mtu alikuwa anatafuta pa kuelekeza kidole.

Na nyungo za Kalista zilikuwa nzuri mno. Ulezi ni punje ndogo kama mchanga. Ungo wa mtu mwingine unavuja, utapepeta mpaka nusu ya chakula iko chini. Kalista alipasua mwanzi, akaukwangua kwa kisu mpaka ukawa laini kama utepe, akaubana hata maji yalisita kupita. Bertilla alikuwa nao mmoja. Alipewa bure, siku alipomsaidia kukandika nyumba.

"Ungo usiovuja ulezi," akasema Basil kutoka nyuma, "utashindwa kubeba mtu?"

Wanaume wakacheka. Theodory hakucheka. "Kikatua wapi, mama?"

Hakikutua. Kilififia tu, kama kaa la moto linapofunikwa na majivu, na mbingu ikabaki vilevile. Bertilla alifungua kinywa aseme hivyo. Ndipo Dominika, aliyezika mtoto wiki mbili nyuma, akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mbona umekiona peke yako, Mama Zenon? Sote tulikuwa nje."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Anayeuona ungo ukiruka ni mwenye ungo mwenzake.

Bertilla aliifikiria nyumba yake, ambayo udongo wake ulikuwa haujakauka vizuri. Akamfikiria mwanawe Zenon. Mkono ukainuka, kama si wake, ukaonyesha kwenye matete, kule mwisho wa mstari, ilikokuwa nyumba ya Kalista.

"Upande ule."

Kalista alikuwa ameketi kati ya wanawake, miguu ameinyoosha, fito za mwanzi mapajani, maana hakwenda mkutanoni bila kazi. Hakupiga kelele.

"Mama Zenon," alisema, "upande ule ni mkubwa. Kuna nyumba yangu, kuna vilima vitatu, na kuna mbingu yote."

Mwenyekiti akafunga mkutano.

Siku ya tatu Kalista aliondoka, kuku wawili kikapuni. Wa tatu mtu alikuwa amemuua kwa mawe. Serikali iliwataka watu wote wakae pamoja, na kijiji kikamtaka huyu mmoja akae mbali. Katika daftari wakaandika: amehama kwa hiari.

Mwalimu Yunusu ndiye aliyeandika. Alikuwa kijana wa watu wenye duka Sumbawanga mjini, mpole, amevaa viatu vya ngozi hata matopeni. Wiki moja baadaye alipiga hodi kwa Bertilla, kalamu mkononi.

"Shikamoo mama. Kile kitu. Ulisema hakikuwa na mlio?"

"Marahaba. Hakikuwa nao."

"Na hakikupepesuka na upepo?"

"Kilitulia tuli."

"Nilijua!" Macho yake yaling'aa. Akatoa kipande cha gazeti, kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. "Si wachawi hao, mama. Ni watu wa nyota nyingine. Ng'ambo wameonekana sana, wanakuja na vyombo kama sahani. Mimi mwenyewe huwa nawangojea. Kila jioni natoka nje, natazama. Na wakaja hapa kwetu, wewe ukawaona, mimi niko ndani nasahihisha hesabu!"

Bertilla akakitazama kile kipande.

"Siku ile ya mkutano ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Mbona hukusema?"

Yunusu akakikunja kile kipande taratibu. "Wangenicheka, mama."

"Kucheka tu, mwalimu?"

Akainamisha kichwa. Alipoondoka hakuwa ameandika kitu.

Tangu hapo Bertilla alijaribu kuwaamini hao watu wa nyota. Aliwatengenezea sura, akawavika nguo nyeupe, akaomba hata warudi wapite wazi juu ya ghala, kila mtu awaone, Dominika awaone. Hawakurudi. Na usiku wa mvua, alipokosa usingizi, aliona kwamba hata wangerudi haingemsaidia. Hakuhitaji mtu ashuke kutoka nyotani kumwambia kuwa Kalista hana kosa. Alilijua hilo siku ileile, kabla mkono haujashuka.

Mvua zilipokaribia kuisha, mwezi wa tatu, alimwachia dada yake watoto akavuka vilima. Alitembea toka alfajiri mpaka jua likawa utosini. Bondeni mahame yalikuwa yameota majani hadi kifuani, kuta zimeyeyuka, isipokuwa kibanda kimoja kilichotoa moshi. Mbele yake Kalista alikuwa analima intumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze, ziwe mbolea ya mwaka ujao. Alikuwa amekonda.

"Hodi, Mama Eustaki."

Jembe halikusimama.

"Nimekuja niseme," Bertilla alisema. "Nimekuja niseme kwamba siku ile..."

"Useme nini?" Kalista hakugeuka. "Huku hakuna mkutano."

Akaendelea. Alikata nyasi, akazilaza, akapindua bonge la udongo juu yake, akalipiga kwa mgongo wa jembe. Akaenda kwenye tuta linalofuata.

Bertilla alisimama pale hadi miguu ikaanza kuzama kwenye udongo laini. Kisha akafunga kanga yake kiunoni, akaenda mwisho wa pili wa shamba, akapiga magoti. Hakuwa na jembe. Akang'oa nyasi kwa mikono, akazikusanya duara, akaanza kuzifunika.

Mchana ule wote walifanya kazi bila kusemezana, mmoja akitokea huku, mwingine kule, na katikati yao kulikuwa na nyasi nyingi ambazo hazijaguswa.