Filamu ya Wenye Miaka Kumi na Minane

Ile karatasi niliiandika mimi, Félicité, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu. Padri alikuwa ametuchagua watatu tutazame kila filamu kabla ya watu, kisha tubandike mlangoni mwa kanisa nani aingie na nani abaki nje. Wazazi wa Uvira walitusikiliza kuliko daktari.

Mwaka huo, 1964, waasi walikuwa wameshaingia uwanda wa Ruzizi, wanaokota vijana njiani na kuwapa mikuki. Sisi tulikuwa tunabishana juu ya busu. Katika filamu hiyo msichana anamlilia mchumba wake mwaka mzima, halafu anatoroka kwao kumfuata. Evariste, mwalimu mwenzangu, alitaka vijana waione, kisha waizungumze na wazazi wao. Nilimcheka.

"Weye hauna mutoto mukubwa, Evariste. Hii filme itawaharibu vichwa."

Nikashinda. Miaka kumi na minane na zaidi.

Sikupenda kazi nusunusu. Vijana wetu walizoea kuchungulia madirishani, basi nikaagiza kwamba Jumapili saa tisa, filamu ikianza, wote wafungiwe darasani wasome katekisimu na katekista Firmin. Kina mama walinishukuru, wa kwanza Honorine, jirani yangu. Mwanawe Rémy alinuna, lakini Honorine akamsindikiza mwenyewe mpaka darasani.

Wangu, Damien, alinisumbua siku tatu. "Mama, si weye njo uliandika? Sema tu niingie."

Kuwatawala watoto wa wenzio ni rahisi. Nilimwambia Padri tunahitaji mtu wa kushika mablanketi madirishani ili giza likae. Damien akaingia.

Mashine ilinguruma, nasi tukalia vizuri sana. Hakuna aliyesikia lori. Tulipotoka, mlango wa darasa ulikuwa wazi na Firmin ameketi chini, shati lake lina damu. Waasi hawakuhangaika kumtafuta mtu. Waliwakuta wavulana kumi na tisa wamekaa kwa safu, nimewapangia mimi. Waliwapakia wote.

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Uongo mtupu. Mimi nilichimba, wakaingia watoto wa wenzangu.

Honorine alikuja mbio, kitenge kinamvuka. Tulimwambia. Alimtazama Damien, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kumlilia yule msichana wa filamu.

"Damien, weye uko na miaka ngapi?"

Alijua. Yeye na Rémy walizaliwa mwezi mmoja, wakabatizwa siku moja.

"Kumi na sita, mama," Damien akajibu.

Honorine akanigeukia, akakaza kitenge chake, akaenda zake.

Rémy hakurudi. Damien sasa ana watoto wanne. Kila asubuhi Honorine hunisalimia uani, huuliza kama Damien hajambo, nami hujibu hajambo. Heri angenitukana, hata mara moja.