Pete Nne za Pikapu

Baba mkwe aliitwa Msasa, na jina lilimkaa. Alikuwa seremala asiyeweza kupita karibu na kitu chenye mkwaruzo akakiacha kilivyo. Ukimpa kijiti cha kuchokolea meno, atakilainisha kwanza. Ndiyo maana siku pikapu ilipoingia uani, wakati wengine wanachungulia injini, yeye alikuwa anaipapasa kwa kiganja huku macho ameyafumba.

Muuzaji alitaka mtu wa kumwonyesha mambo ya gari. Msasa alikwisha kuingia uvunguni kukagua rangi, akasema atamsikiliza akiwa hukohuko. Bega, mwanawe mkubwa, akasema yeye alishaendesha trekta, hana cha kuonyeshwa. Mwanawe mdogo alikuwa amelala, maana kazi yake ilikuwa kulinda ghala usiku, na mchana haamki hata nyumba ikihamishwa. Akabaki mke wa huyo aliyelala, ambaye nyumba nzima ilimwita Kimya.

Na Kimya ndiye aliyekuwa na leseni. Alikwenda kujifunza udereva bila kumwambia mtu zaidi ya mumewe, akarudi, akaiweka leseni juu ya meza, akaenda kuosha vyombo. Mama mkwe alipoikuta alidhani ni ya mgeni.

Muuzaji akamzungusha kila upande. Akamwonyesha mkanda, taa za dharura, breki ya mkono. Akamwonyesha kile kitufe cha duara karibu na gia, cha kutumia matopeni na si kwenye lami. Mwisho akapanda bodini, akagonga kwa ufunguo pete nne za chuma zilizofungwa kwa bolti, moja kila kona.

"Hizi usizidharau," alisema. "Kamba inaanzia hapa na kuishia hapa. Bila hizi huna gari, una sinia."

Kimya akaitikia kwa kichwa. Kule uvunguni, Msasa naye aliusikia mlio wa zile pete, akajisemea moyoni kwamba hicho ni chuma safi.

Kazi ya kwanza ya pikapu ilikuwa kupeleka kabati la Mama Vitambaa, mwenye duka la nguo upande wa pili wa mlima. Asubuhi ya kulipeleka, Msasa alitoa hukumu yake wakati wa chai.

"Kabati likifika bila mkwaruzo, ufunguo wa gari utabaki kwa Kimya. Likifika na mkwaruzo, hata wa ukucha, ufunguo ni wa Bega."

"Nauona unakuja," Bega akasema, akanyoosha kiganja mezani kama mtu anayesubiri kupewa andazi.

Chai ilimpalia Kimya. Aliutaka ule ufunguo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka katika nyumba ile. Jikoni aliambiwa la kufanya, karakanani aliambiwa la kufagia. Ndani ya gari tu ndimo watu walimokaa na kumsubiri yeye aamue kama ni kwenda au kusimama.

Walilitoa kabati kwa kulibeba mabegani. Kimya aliomba lilazwe chali juu ya mablanketi na kusukumwa mbele kabisa, likaegemea kibanda cha dereva. Hapo hakuna aliyebisha. Kisha akachukua kamba, akainama kwenye kona ya bodi, akapeleka mkono mahali penye pete.

Mkono ulipita bila kukuta kitu. Akaenda kona ya pili, nako hivyohivyo. Hakukuwa hata na tundu. Palikuwa laini, pamepakwa rangi ileile ya bodi, na kwa ulaini ule alijua ni kazi ya nani.

"Baba," akasema, "zile pete za humu ziko wapi?"

"Pete gani?"

"Za kila kona."

Msasa akatazama juu, kana kwamba huenda zimeruka.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake. "Mwambie mtoto wa watu," akasema. "Usimzungushe."

"Zilikuwa zitakwaruza fanicha," Msasa akasema. "Chuma kimechomoza vile ndani ya bodi, nani aliwaza jambo hilo? Nikazitoa, nikaziba matundu kwa vumbi la mbao na gundi. Nikapiga msasa. Nikapaka rangi. Huwezi kujua palikuwa na kitu."

"Na pete zenyewe?"

Haikuwa lazima ajibu, kwa sababu Kimya alikuwa analitazama kabati. Lilikuwa na milango miwili na droo mbili, na kwenye kila mlango na kila droo kulikuwa na kishikio cha chuma, kinene, kimesuguliwa mpaka unaweza kujitazama meno. Juzi Mama Vitambaa alikuja kulikagua kabati, na katika kazi yote ile alichokisifu ni vishikio. Alisema hajaviona kwa mtu mwingine.

"Sasa kamba tunaifunga wapi?" Kimya akauliza.

"Kamba ya nini?" Bega akasema. Alikwisha kupanda bodini, amekaa juu ya kabati na kulikumbatia. "Kamba ya nyumba hii ni mimi, shemeji. Tangu enzi za mkokoteni mzigo wa karakana hii unakumbatiwa na mtu. Washa tuondoke."

"Kweli kabisa," Msasa akasema. "Bega hajawahi kuangusha kitu."

"Alianguka yeye," mama mkwe akasema. "Na meza ya watu kifuani."

"Meza haikukwaruzika," Bega akasema kwa fahari.

Kimya akaingia ndani ya gari, akafunga mlango. Wote wakasubiri muungurumo. Badala yake taa zote za kona zikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na injini haikulia.

"Hilo gari linamkonyeza nani?" mama mkwe akauliza.

Msasa akaenda dirishani. Kimya alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama vile yuko barabarani tayari. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kumjibu mzee huyo zaidi ya "ndiyo, baba".

"Hapana, baba," akasema.

"Hapana nini?"

"Sitaondoka na mtu bodini. Nikikanyaga breki, kabati litamlalia, au atarushwa barabarani. Pete zirudi kwenye gari mpaka tufike. Tukifika, zirudi kwenye kabati."

"Kabati langu lipite mjini bila vishikio? Kama mtu asiye na meno?"

"Tutalifunika blanketi."

Msasa akamgeukia mkewe apate wa kumuunga mkono, lakini mkewe alikuwa anafagia mahali pasipo na taka. Taa ziliendelea kukonyeza. Mwisho mzee akaenda kuchukua spana yake, akafungua nati moja moja kwa huzuni, kama mtu anayevua hereni za bintiye. Kimya akazibua matundu ya bodini kwa msumari na nyundo, na kila kizibo kilipodondoka Msasa alifumba macho.

Pete zikarudi. Kamba ikapita kona hadi kona, ikakazwa mpaka kabati na gari vikawa kitu kimoja. Siti zilikuwa mbili tu, kwa hiyo Bega akachukua baiskeli. Alisema atatangulia, ili awepo wa kuokota vipande.

Kimya akalizunguka gari, akatazama magurudumu, akarekebisha vioo, akawasha. Gari likaanza kulia ti, ti, ti.

"Linataka nini tena?"

"Linakuomba ufunge mkanda, baba."

Msasa akauvuta mkanda, akaupitisha nyuma ya mgongo wake, akauchomeka. Mlio ukakoma. Akatabasamu kama mtu aliyemlipa askari kwa maneno matupu. Kimya aliona. Alitaka kusema, lakini ile hapana moja ilikuwa imemmaliza nguvu, na ya pili haikutoka.

Getini walisimama kupisha kundi la watu, gia ikiwa huru. Walipoanza tena kwenda, pikapu ilinguruma kama dume lililoudhiwa, lakini haikukimbia. Kimya alikanyaga mafuta. Ikanguruma zaidi, ikatambaa. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani akawapita. Akafuata mzee na mkongojo, ambaye aligeuka akawapungia mkono. Kisha Bega, ambaye alikuwa amesimama dukani kujaza upepo, akawapita kwa baiskeli, anapiga kengele.

"Shemeji," aliita, "nikuvute?"

"Si nilisema?" Msasa akanung'unika. "Limechoka hata halijafika lami."

Kimya alihisi masikio yanamchoma. Akasogea pembeni, akasimama, akatazama mbele yake taratibu, kitu kimoja baada ya kingine, kama alivyoonyeshwa. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka ambayo haikupaswa kuwaka. Akaangalia kile kitufe cha duara. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, kwenye gia nzito ya matopeni.

"Baba, ulikigusa hiki?"

Msasa akakohoa. "Nilikuwa natafuta taarifa ya habari."

"Redio ni hii ya juu."

"Sasa mbona viko kama mapacha?"

Akakirudisha. Taa ikazima, na pikapu ikaondoka kama imefunguliwa kamba. Walipompita Bega, Msasa alijisahau akapiga honi kwa mkono wake mwenyewe.

Walipanda mlima vizuri. Kwenye kushuka, Kimya alipunguza gia ili injini ishike mwendo yenyewe. Alipoona kona akapunguza zaidi, na Msasa akamuuliza kama anaogopa kumwamsha mtu. Kona ilipofunguka, mkokoteni wa madebe ya maji ulikuwa umekaa katikati ya njia, na mwenyewe yuko pembeni anafunga kiatu.

Kimya akakanyaga breki. Gari likainamisha pua, likasimama.

Nyuma hakukusikika hata mlio. Kabati lilikuwa limelala palepale. Aliyeondoka mahali pake ni seremala wake. Kofia yake ilikuwa juu ya dashibodi, na paji lake la uso limebandikwa kwenye kioo.

"Baba?"

"Nipo," Msasa akasema, bado yuko hapohapo kiooni. "Kioo hiki ni laini sana."

Kimya akamrudisha kitini, akamtazama. Uvimbe ulikuwa unaanza kuchomoza kama kifundo kwenye ubao. Mkokoteni haukumtia Kimya hofu kama kule kunyamaza kwake alipouona mkanda unapita nyuma ya mgongo.

"Niliona," akasema. "Ningekuambia mapema. Mkanda unapita mbele, baba. Siondoki mpaka upite mbele."

Msasa akauvuta mkanda, akaupitisha kifuani. Aliupapasa kwa kidole gumba, akasema kwamba angalau haukwaruzi.

Mama Vitambaa alikuwa anawasubiri nje ya nyumba yake, mikono kiunoni. Bega, aliyekata njia ya mkato, alikwisha kufika na kusimama nyuma ya gari akiita, "Njoo, njoo, njoo."

"Simama nikuone kwenye kioo, shemeji," Kimya akasema. "Nisipokuona sirudi nyuma."

Bega akasogea, akabaki anapunga mkono pale anapoonekana. Kimya akarudi nyuma mpaka mlangoni, akavuta breki ya mkono, akateremka. Blanketi likafunuliwa.

"Kabati langu limekuja bila vishikio," Mama Vitambaa akasema. "Nilichokisifu ndicho mmekiacha?"

"Vipo," Msasa akasema haraka. "Vipo njiani. Ingia ndani kwanza upumzike."

Mama huyo hakuingia. Alisimama akaangalia kamba ikifunguliwa, akaangalia kabati likishushwa, akaangalia Msasa anapanda bodini na spana na kushuka na pete zilezile. Alitazama bodi, akatazama mkono wa Msasa, akatazama tena bodi.

"Kwa hiyo mmenitilia vyuma vya gari kwenye kabati."

Bega akatazama viatu vyake. Msasa akaanza kuisugua pete moja kwa pindo la shati. Kimya ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo mpaka mama yule akainama kumsikia.

"Ndiyo, mama. Na vimelishika kabati lote kwenye mlima ule, tukakanyaga breki ya ghafla, halikusogea. Mlango wako hautavishinda."

Mama Vitambaa akaichukua pete moja, akaipima uzito. Kisha akalizunguka kabati kutafuta pa kugombea. Alipapasa juu, alipapasa pembeni, alipiga magoti akachungulia miguu. Hakupata mkwaruzo.

"Kabati ni zima," akasema. "Ila huyu mzee ana nundu. Mlimfunga na nini?"

"Alijifunga mwenyewe," Kimya akasema.

"Nirudishieni vishikio vyangu," mama yule akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Walirudi na bodi tupu. Walipoingia uani, Bega alikuwa amewahi, kiganja amekinyoosha kwa mazoea zaidi kuliko kwa matumaini. Msasa akampita.

"Ufunguo una mwenyewe," akasema, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomea vyuma wa jirani.

Kesho yake Kimya alipotoka kupasha injini moto, alikuta pete mpya nne bodini, zimefungwa kwa bolti nene. Zilikuwa mbaya kwa kweli. Zilikuwa na vinundu na kutu, moja imepinda kama sikio la bondia. Akazivuta moja moja kwa nguvu zake zote. Hazikutikisika.

Msasa alikuwa ameketi mbele tayari, mkanda umepita kifuani, kofia imeegeshwa juu ya nundu.

"Baba," Kimya akasema, "fundi amekupa kazi mbovu hivi ukaipokea?"

"Nimemwagiza mimi," Msasa akasema bila kugeuka. "Ngumu ziwe ngumu, lakini sura azitengeneze vibaya, nisije nikazitamani."