Mbingu Nyuma ya Mama

Mwezi wa saba mwaka 1991 nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikisubiri ajira nyumbani kwetu Makole. Kaka yangu Abbasi alikuwa Muskati, mwaka wa sita bila kurudi. Mama alisumbuliwa na presha, na kila wiki alirudia ombi lilelile: nimpige picha nzuri, tumpelekee Abbasi.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria na filamu za rangi zilianza kuonekana madukani, lakini ndani ya kamera yangu ya Kirusi zilibaki picha tatu tu. Nilitaka zitoke kama za kalenda. Nikaenda kwa Mzee Lalji, mwenye studio karibu na soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Kazi umepata?"

"Bado."

"Basi njoo ufagie hapa, nitakuita meneja."

Akaniazima filta, kioo cha kijivu ndani ya pete inayozunguka. "Jua liwe ubavuni kwako, uzungushe polepole. Utaona mbingu inakolea. Lakini kioo hiki kinakula mwanga. Mita ya kamera yako, ile inayopima mwanga, iko nje ya lenzi, haijui kama kuna kitu mbele. Fungua tundu la lenzi hatua mbili zaidi ya inavyokwambia. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi Mama alitoka uani amejitanda mtandio mweupe, ule wa Idi. Nilimsimamisha mbele ya ukuta mfupi ili mbingu ionekane nyuma yake. Nilipozungusha pete, buluu ilikolea mbele ya jicho langu mpaka nikasahau kupumua.

"Mama, sogea kushoto. Kidogo tena. Hapana, rudi."

"Rahimu, miguu inaniuma. Unanipiga mimi au unapiga anga?"

"Nataka kaka aione mbingu ya kwetu."

"Mbingu ya Makole anaikumbuka. Sura yangu ndiyo atakuwa ameisahau."

Alicheka, nami nikacheka. Maneno ya Lalji niliyakumbuka vizuri. Nikawaza: nikiongeza mwanga wote huo, buluu hii si itafifia? Nikaliacha tundu kama lilivyokuwa. Nikapiga zote tatu.

Filamu ilipelekwa Dar es Salaam kusafishwa. Kabla haijarudi, Mama alianguka jikoni, siku ya Ijumaa asubuhi. Tulimzika siku hiyohiyo alasiri. Abbasi hakuweza kuwahi. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja: "Nitumie ile picha aliyoniahidi Mama."

Bahasha kutoka Dar ilipofika, Mzee Lalji alinipa pole, akanisogezea kiti, akaifungua yeye mwenyewe. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaniwekea mezani.

Mbingu ilikuwa ya ajabu. Mtandio uling'aa. Ndani ya mtandio hamkuwa na uso. Palikuwa na giza tu, na ncha ya pua iliyoguswa na jua.

"Uliongeza mwanga?"

"Sikuongeza."

"Ulisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Sikusahau, mzee. Niliionea huruma mbingu."

Alivua miwani, akaifuta. "Maabara wamechapa kwa kufuata mwanga wa mbingu. Nitawaandikia wachape upya kwa kufuata uso. Kitatoka kitu, si kingi. Ila buluu yako itakwenda yote. Itakuwa nyeupe kama maziwa."

"Iende."

Picha iliyochapwa upya ilikuja baada ya wiki mbili. Ilikuwa na chengachenga kama iliyopigwa kwenye vumbi, na rangi ya ngozi ilikuwa imegeuka nyekundunyekundu. Lakini Mama alikuwepo. Jicho moja lilionekana, na mdomo uliofunguka nusu. Nikatambua kuwa alikuwa akiniambia nifanye haraka.

Hiyo ndiyo niliyompelekea Abbasi. Nilimrudishia Mzee Lalji filta yake, naye aliipokea bila utani.

Jibu la kaka lilifika mwezi wa kumi. "Nimemwona," aliandika. "Amekonda. Mdomo ni uleule. Mbona mbingu nyeupe hivyo? Siku hiyo kulikuwa na mawingu?"

Nilikaa na karatasi uani, mbele ya ukuta ule mfupi. Ilikuwa rahisi kuandika ndiyo, na asingejua kamwe. Nikamwandikia kwamba hapakuwa na wingu hata moja, kisha nikamweleza yote, tangu nilipomwambia Mama asogee kushoto.