Harufu ya Kiti cha Mbele

Gari la Mwalimu Modestus lilipofika Nyarubungo, wilayani Biharamulo, viti vyake vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Lilikuwa gari dogo la kijivu, lililokwisha kutumika huko ng'ambo lilikotoka, lakini kwa majirani lilikuwa jipya, na kwa Modestus mwenyewe lilikuwa jipya kupita kitu chochote alichowahi kukimiliki. Miaka yote ya ualimu alikuwa mtu wa baiskeli, kisha wa pikipiki. Wiki za mwanzo, jioni baada ya vipindi, alifungua mlango akaketi nyuma ya usukani bila kwenda popote, akivuta ile harufu ya plastiki na ya kitambaa kilichooshwa upya. Mkewe, Leonsia, alimwona kutoka jikoni na kumwacha afurahi.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa kwenda Bugarama, wilaya ya Ngara, kumchukua mama yake. Tangu mzee Audax afariki, Mama Agripina alikuwa akiishi peke yake katika ile nyumba ya mlimani, na kila alipoombwa aje akae na mwanawe alikuwa na sababu: maharage hayajavunwa, mbuzi anakaribia kuzaa, jirani anaumwa. Safari hii Modestus hakuomba. Alifika tu, akaegesha uani, akasema, "Mama, Kwaresima hii unasali na sisi."

Mama alilizunguka gari polepole, akaligusa kwa ncha za vidole kama mtu anayepima joto la chungu. "Hongera, mwanangu. Laiti baba yako angeliona hili." Kisha akafungua mlango wa nyuma, akataka kukaa pamoja na mikungu ya ndizi waliyokwisha kuipakia. Modestus hakukubali hata kidogo. Alimpeleka kiti cha mbele, akavuta mkanda na kumfunga mwenyewe, kwa kuwa mama hakujua unavyofungwa. Mama akauinua kwa kiganja, usimguse kifua.

"Unanibana," alisema.

"Utauzoea, Mama."

Njia nzima aliushika hivyo hivyo. Aliomba pia dirisha lifunguliwe lote, ingawa kulikuwa na baridi na alikuwa amejifunga kanga juu ya kitenge na sweta juu ya kanga. Modestus alidhani ni kichefuchefu cha mtu asiyezoea magari.

Kesho yake, alipofungua mlango kwenda shuleni, harufu ilimpokea. Haikuwa ya jasho, wala ya chakula kilicholala. Ilikuwa nzito, na ndani yake kulikuwa na utamu mbaya, kama maji ya maua ya altareni yaliyosahaulika kwenye chombo. Alizilaumu ndizi. Aliosha kiti cha nyuma kwa sabuni, akaacha milango wazi juani mchana kutwa, na jioni harufu ilikuwa imepungua. Jumapili walikwenda kanisani, mama mbele, Leonsia na watoto nyuma, na Jumatatu harufu ikawa imerudi.

Hapo akaanza vita. Aling'oa mazulia akayasugua na kuyaanika kwenye ua. Aliweka mkaa kwenye beseni chini ya kiti, kwa kuwa alisikia mkaa unanyonya harufu. Alinunua kahawa iliyosagwa, akaifunga kwenye kitambaa na kuining'iniza nyuma. Alipoona haifai kitu, akanunua manukato ya gari yenye harufu ya ndimu, na ndimu ikachanganyika na ile nyingine hadi Leonsia akasema heri ilivyokuwa mwanzo. Siku hizo zote mama alikuwa akimtazama kupitia dirisha la chumba chake, akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa umeshika pazia.

Mwishowe alilipeleka kwa Bigirimana, fundi wa pale Biharamulo mjini. Bigirimana alitoa viti vyote, akafungua kisanduku cha mbele, akachomoa chujio la hewa. Ndani yake mlikuwa na kiota cha panya, na vitoto vyake vimekauka humo.

"Huyu hapa mgonjwa wako," alisema.

Modestus alirudi Nyarubungo amefunga madirisha yote, akivuta pumzi na kucheka peke yake. Gari lilikuwa safi kabisa.

Jumapili iliyofuata, walipotoka misani, mwalimu mwenzake Tomasi aliomba lifti. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa. Hawajafika hata barabara kuu, Tomasi akakunja pua. "Mwalimu, humu ndani kuna kitu kimekufa." Alisema kwa mzaha, kama alivyozoea kutaniana naye ofisini. Modestus hakucheka. Alipiga usukani kwa kiganja. "Fundi amenidanganya. Hili likiendelea naliuza, sitaki hata kuliona."

Mama yake alikuwa ameelekeza uso dirishani. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya kioo, hapakuwa na kitu cha kuona huko nje, lakini hakugeuka mpaka walipofika nyumbani.

Jumapili iliyofuata mama alisema goti linamuuma, atasali nyumbani. Baada ya hapo akasema anataka kurudi Bugarama, na kwamba hataki kusumbua mtu, atapanda basi, akae nyuma kabisa karibu na dirisha. Modestus alibishana naye sebuleni. Alidhani mzaha wa Tomasi ndio uliomchoma. Alimwahidi kwamba Tomasi atakuja kuomba radhi. Mama alitikisa kichwa tu, akaenda chumbani kukunja nguo zake.

Leonsia alimfuata mumewe nje, alikokuwa amesimama akilitazama gari kwa hasira.

"Baba Xavery," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Gari halina kitu."

"Halina kitu vipi, na wewe mwenyewe unanusa?"

Leonsia alikielekezea kidevu kiti cha mbele. "Kanuse mkanda wa mbele. Ule wa Mama."

Modestus alimtazama bila kuelewa, kisha akafungua mlango, akavuta mkanda mpaka mwisho. Mahali unapopita kifuani palikuwa na doa dogo la rangi ya njano, limekauka na kuwa gumu. Aliinamisha uso. Aliponyanyuka, aliurudisha mkanda polepole.

"Tangu lini unajua?"

"Najua nusu nusu. Anaamka kuoga kabla ya watu. Anafua vitambaa, anavianika chini ya nguo nyingine ili visionekane. Anawakatalia watoto kulala naye." Macho ya Leonsia yalikuwa yamejaa machozi. "Mimi ni mkwe. Ningeanzia wapi kumwambia mama mkwe anifungulie kifua?"

Modestus alizunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameshamaliza kukunja nguo na sasa ameketi kwenye mkeka na ungo mapajani, akichambua maharage ya kuwaachia. Modestus alichuchumaa mbele yake. Akachota konzi moja ya maharage, naye akaanza kuchambua, mabovu huku, mazima kule, kama alivyofanya alipokuwa mdogo. Walikwenda hivyo kwa muda.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Nani amekwambia naumwa?"

"Gari limeniambia."

Mikono ya mama ilisimama. Alitazama maharage, akatazama mlima wa mbali, halafu akaushusha ungo chini.

"Kilianza kidogo kama harage hili," alisema. "Baba yako alikuwa kitandani wakati ule, hawezi hata kugeuka. Nikasema, kwanza huyu. Alipokwisha kwenda, kikawa kimepasuka. Nikaweka majani. Na kidonda kinachonuka, mwanangu, unamwonyesha nani? Wewe ni mtoto wa kiume. Leonsia ni mkwe. Kanisani nikahamia benchi la mwisho, la mlangoni. Shangazi zako wakija, nawapokea uani."

"Na Mama Mdogo Selestina?"

Selestina alikuwa mdogo wake wa pekee aliyebaki, mkulima wa Murukulazo. Zamani haikupita mwezi hawajatembeleana.

"Alikuja na kikapu chake, amepanga kulala. Nikazungumza naye kupitia dirishani. Nikamwambia nina mafua mabaya, arudi. Akarudi, na hajaja tena." Alifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Nilikuwa nakuona unavyosugua lile gari. Kila siku nilisema leo namwambia aache. Kila siku nikashindwa. Gari lako jipya, nimeliharibu."

Modestus aliyarudisha kwenye ungo maharage yaliyokuwa kiganjani. Akasema, "Kesho tunakwenda hospitali."

"Nitapanda basi."

"Utapanda mbele, Mama."

Hospitalini aliwapokea muuguzi wa makamo aitwaye Niragira. Alimwacha Modestus kwenye benchi la nje, akamwita Leonsia ndani. Baadaye Leonsia alimsimulia kwamba yule muuguzi alifungua vitambaa kimoja kimoja, taratibu, akivilowesha pale viliponata, na hakuziba pua wala kugeuza uso. Alipomaliza kusafisha, alisaga vidonge vyeupe kwenye karatasi, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Akamwonyesha Leonsia namna ya kufanya kila siku. Akasema harufu inatokana na vijidudu, si uchafu wa mtu, na kwamba dawa hiyo haitaponya ugonjwa lakini harufu itashuka. Mama Agripina aliuliza mara mbili kama ni kweli itashuka. Kuhusu ugonjwa wenyewe hakuuliza.

Daktari aliwapa rufaa kwenda Mwanza. Kule alipimwa, wakasubiri, wakaitwa. Ilikuwa saratani ya titi na ilikuwa imeshafika mapafuni, hapakuwa na cha kukata. Kulikuwa na vidonge vya kupunguza kasi na dawa ya maumivu. Modestus alibaki ofisini baada ya mama kutolewa nje, akauliza swali alilokuwa nalo tangu siku ile ya mkanda: kama angeletwa mapema, ingekuwaje.

Daktari, mwanamume kijana aliyeonekana amechoka, alifunga faili. "Mwalimu, yupo nje anakusubiri," alisema. "Nenda ukampeleke nyumbani."

Walirudi mvua ikinyesha. Mama alitetemeka, akasema anasikia baridi, halafu akaonekana kujutia kusema. Modestus akafunga madirisha yote. Harufu ilikuwepo, si kama mwanzo lakini ilikuwepo, na aliendesha nayo kilomita baada ya kilomita akimsimulia habari za shule, za wanafunzi wake wanaotoroka kipindi cha hesabu. Mama alicheka kidogo. Baadaye alilala, kichwa kimelalia kioo, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulikuwa umeuachia mkanda.

Dawa ya Niragira ilifanya kazi. Baada ya Pasaka mama alianza kuwaruhusu watoto wakae kitandani kwake jioni. Siku moja akamwambia Modestus, "Nipeleke Murukulazo."

Walifika asubuhi, migomba bado ina umande. Gari lilipozimwa, mama hakushuka. "Niambie kweli. Bado nanuka?"

Modestus alifikiri. "Kidogo."

"Kidogo," mama alirudia, kama anayelipima neno lenyewe. Akafungua mlango.

Selestina alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani, mwanamke mfupi mwenye sura kama ya dada yake ila nene. Modestus alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa dada yake, na bado yalikuwa na uchungu wa lile dirisha la Bugarama. Mama alimkaribia hatua chache, akasimama, akasema jambo kwa Kihangaza, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo ambayo Modestus hakuisikia yote. Alisikia neno la kidonda. Kisha mama akafungua fundo la kanga yake pale pale uani.

Selestina aliishusha mikono. Alimshika dada yake kiwiko, akamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Modestus aliketi kwenye jiwe la kunolea visu. Alisikia sauti zao, moja ikilia na nyingine ikibembeleza, na hakuweza kujua ipi ni ya nani. Baada ya muda mrefu Selestina alitoka na beseni tupu, macho mekundu.

"Niletee maji," alisema. "Halafu wewe rudi kwa wanafunzi wako. Huyu anabaki hapa."

"Mama Mdogo, dawa yake lazima kila siku..."

"Amenionyesha. Anaona aibu kwangu, mimi niliyeoga naye mto mmoja tangu hatujaota meno." Alimsukumia lile beseni. "Lete maji, Modesti."

Mama Agripina alibaki Murukulazo. Modestus na Leonsia walikuwa wakienda na dawa na sukari, na kila mara walimkuta amekaa ndani na watu, si mlangoni. Alifariki mwezi wa saba, maharage yakiwa yameanikwa uani, amelala kitanda kimoja na mdogo wake. Selestina alisema alimsikia akivuta pumzi ndefu, akadhani anageuka.

Walimzika Bugarama, kando ya mzee Audax. Baada ya katekista kumaliza sala, alipokuwa akiuliza kama kuna mwenye neno la familia, Modestus alijiandaa kusimama, lakini Selestina alimtangulia. Hakuzungumza na wanaume. Aligeukia walikokaa wanawake.

"Mtasema dada yangu amekufa kwa kifua," alisema. "Hakufa kwa kifua. Amekufa kwa titi. Lilianza kama harage, akalificha mpaka likaoza, kwa sababu alituogopa sisi. Mimi nilinuna aliponinyima mlango, sikusukuma niingie. Ndilo neno langu."

Wanawake waliinamisha macho. Wengine walivuta kanga mabegani. Katekista alisubiri, hakujua kama aseme amina, na watu wakaanza kutawanyika kimya kimya kuelekea kwenye chakula.

Modestus alikuwa akifunga buti la gari alipomwona mwanamke mmoja aliyebaki nyuma, kijana bado, mtoto mgongoni, mgeni kwake. Alikuwa amesimama karibu na Selestina, mkono mmoja ameubana kwenye titi juu ya kanga. Selestina alimtazama, akamshika kiwiko, wakaelekea pamoja nyuma ya nyumba. Modestus akageuza uso asiwaangalie.